Magadi yaliyotoka angani na swali la kijana wa kidato cha tatu

Ijumaa hii tumeona tuuweke kando kwa muda mfululizo wa darsa zetu tulizozizoea, ili tuzungumzie jambo lililotufika barazani siku chache zilizopita. Tunaamini jambo hili linazifika nyumba nyingi za Waislamu, hata kama halisemwi wazi.

Baada ya swala ya Isha alitujia jirani yetu mmoja, amefuatana na mwanawe aliye kidato cha tatu. Baada ya salamu na kujuliana hali, mzee yule alikwenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Sheikh, huyu kijana tangu juzi anatwambia tunapokula kwamba uhai asili yake ni jiwe la angani. Nimemwambia hayo ni maneno ya kufuru, na kwamba masomo ya sayansi aache, achukue mengine. Mama yake analia. Nimeona tuje kwako utukatie shauri."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Tulipomtaka aseme mwenyewe, alijibu kwa sauti ya chini: "Sikusema hivyo, sheikh. Nilisema katika jiwe lile wameona vitu ambavyo miili yetu imejengwa kwavyo. Na nilisema wameona magadi."

"Magadi?"

"Ndiyo, sheikh. Magadi haya haya ya kupikia maharage."

Tungeweza kutoa jibu pale pale, kwani watu wakimjia sheikh usiku hutaka waondoke na jibu. Tuliwaomba watupe siku tatu. Sababu ya kuomba muda huo tutaieleza mbele, nayo si ya kutupendeza. Kwanza tueleze tuliyoyasoma katika siku hizo tatu, kwa sababu mzazi hawezi kumhukumu mwanawe kwa habari asiyoijua.

Jiwe lenyewe linaitwa Bennu. Ni moja kati ya zile zinazoitwa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka, ila kwa udogo wake haihesabiwi kuwa sayari. Upana wake unakaribia mita 500, na hukamilisha mzunguko wake kila baada ya siku zipatazo 437. Jina hilo lilipendekezwa na mtoto wa shule huko Marekani, akilitoa kwa ndege anayesimuliwa katika hadithi za Misri ya kale. Mnamo Septemba 8, 2016, Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilirusha chombo kilichoitwa OSIRIS-REx kulifuata. Kilifika Desemba 2018, na kwa karibu miaka miwili kililizunguka na kulipiga picha kabla ya kuthubutu kuligusa, kwa sababu wataalamu waliotarajia kukuta uso laini kama mchanga wa ufukweni walikuta mawe makubwa yametapakaa kila mahali.

Siku ya kuligusa ilikuwa Oktoba 20, 2020. Wakati huo chombo kilikuwa umbali wa kilomita zipatazo milioni 320 kutoka hapa tulipo, na mawimbi ya redio yalichukua zaidi ya dakika 18 kufika. Basi hapakuwa na dereva wa kukiongoza. Ilibidi kifundishwe mapema kila kitu, kisha watu wakae duniani wangoje habari. Mkono wa roboti uligusa uso wa Bennu kwa sekunde chache, ukapuliza gesi ya naitrojeni, vumbi na kokoto zikaruka, nao ukazinasa. Ukadidimia kiasi cha nusu mita, kwa kuwa kumbe jiwe lile halikuwa gumu, bali rundo la vipande vilivyoshikana kidogo tu. Kokoto zilizonaswa zilikuwa nyingi hata mfuniko ukashindwa kufunga sawasawa, zikaanza kuvuja angani, na wataalamu wakalazimika kuharakisha kuzihifadhi.

Kapsuli iliyobeba mzigo huo ilitua kwa parachuti katika jangwa la Utah mnamo Septemba 24, 2023, ikapelekwa Houston. Huko nako kulikuwa na mtihani wa subira. Kichwa cha ule mkono kilifungwa kwa skrubu 35, na 2 kati yake zikagoma kufunguka. Fundi wa mitaani kwetu angeshatafuta nyundo. Wao hawakuruhusiwa kuingiza chombo chochote kisichopimwa ndani ya kabati la naitrojeni, wasije wakauchafua mzigo. Wakakaa wakabuni na kutengeneza vifaa vipya, na skrubu zile zikafunguka Januari 2024. Walipopima, wakakuta gramu 121.6, wakati lengo lao lilikuwa gramu 60. Kwa lugha ya dukani, haifiki hata nusu robo ya sukari. Na katika kiasi hicho kidogo, asilimia zisizopungua 70 zimewekwa bila kuguswa, kwa ajili ya wanasayansi ambao wengine bado hawajazaliwa, watakaokuwa na vifaa ambavyo leo havipo. Sisi tunaosisitiza amana kila siku katika mimbari tuliposoma hilo tulinyamaza kidogo.

Matokeo makubwa yalitangazwa Januari 29, 2025. Tuanze na magadi, maana ndiyo yaliyotushangaza.

Kundi lililoongozwa na Tim McCoy wa Taasisi ya Smithsonian ya Washington, wakishirikiana na wenzao wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London, lilichunguza punje za Bennu kwa hadubini za elektroni. Walikuta madini 11 ya namna ya chumvi, yaliyopangika kwa mfuatano ambao hutokea pale maji ya chumvi yanapokauka polepole: ile isiyoyeyuka kwa urahisi hujitenga mwanzo, na inayoyeyuka kwa urahisi hubaki hadi mwisho. Miongoni mwake imo chumvi ya kawaida tunayotia chakulani. Na imo trona, ambayo haijapata kuonekana kabla ya hapo katika jiwe lolote lililotoka nje ya dunia. Trona ndiyo hasa iliyo katika magadi yetu. Ndiyo inayochimbwa katika Ziwa Magadi kule Kenya, na ndiyo inayoganda juu ya Ziwa Natron kwetu Tanzania, kule ambako heroe huzaa kwa maelfu.

Aliyewahi kufika katika maziwa hayo wakati wa kiangazi atafahamu haraka maana ya habari hii. Maji yanaingia kutoka chemchemi za moto na vijito, hayana pa kutokea, jua linayanyonya, na kinachobaki ni tabaka jeupe au la waridi linalopasuka chini ya miguu. Basi wanasayansi wanasema hali ya namna hiyo ilikuwamo ndani ya jiwe kubwa ambalo Bennu ni kipande chake kilichovunjika, miaka ipatayo bilioni 4.5 iliyopita. Kulikuwa na barafu, ikayeyuka kwa joto la ndani, maji yakapenya katika nyufa, yakachukua chumvi, kisha yakakauka. Yote hayo kabla ya dunia yetu hii kuwa na bahari.

Mtu atauliza, kama chumvi hizi ni kitu cha kawaida angani, mbona hazikuonekana katika vimondo vinavyoanguka kila mwaka? Jibu ni unyevu. Kila mama anajua kuwa magadi yakiachwa wazi wakati wa masika hubadilika, huchakaa yakawa unga. Kimondo kikianguka kikakaa katika hewa yetu siku chache tu, chumvi za namna hiyo hupotea au hubadilika. Ndiyo maana ilibidi jiwe lifuatwe huko huko liliko, lifungwe, na lifunguliwe katika hewa isiyo na unyevu.

Kundi la pili, la wanakemia wakiongozwa na Daniel Glavin na Jason Dworkin wa NASA, lilitafuta vitu vyenye kaboni. Hapa ndipo penye swali la jirani yetu. Miili yetu, na ya mbuzi, na ya mchicha, imejengwa kwa protini, na protini zote hizo zimeundwa kwa asidi amino za aina 20 tu, kama vile maneno yote ya Kiswahili yanavyoundwa kwa herufi chache. Katika Bennu walikuta 14 kati ya hizo 20. Kisha kuna vinasaba, ile hati iliyomo ndani ya kila chembe hai inayobeba maelezo ya namna kiumbe kitakavyokuwa. Hati hiyo nayo ina herufi zake, ambazo wataalamu huziita adenini, guanini, sitosini, thimini na urasili. Zote 5 zilikutwa. Amonia ilikuwamo kwa wingi. Na Desemba 2025 kundi lililoongozwa na Yoshihiro Furukawa wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, lilitangaza kuwa limekuta humo sukari, zikiwamo raibosi, ambayo ni sehemu ya mojawapo ya hati hizo, na glukosi.

Habari kama hizi zina mwanzo wake. Mwaka 1953 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Stanley Miller, chini ya mwalimu wake Harold Urey, alitia maji katika chupa ya kioo, akaongeza gesi za methani, amonia na haidrojeni, kisha akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya siku kadhaa maji yalibadilika rangi, na alipoyapima akakuta asidi amino. Ulimwengu ulishtuka. Baadhi ya watu walidhani siri imefichuka, na kwamba kazi iliyobaki ni ya miaka michache. Miller alifariki mwaka 2007 na siri haijafichuka. Lakini alikuwa ameacha vichupa vya majaribio yake vimehifadhiwa tangu ujana wake, na mwaka 2008 wanafunzi na wenzake walivifungua, wakavipima kwa vifaa vipya, wakakuta asidi amino nyingi kuliko alizowahi kuziona mwenyewe. Miongoni mwa waliovipima walikuwamo hao hao Dworkin na Glavin. Wasomaji waliosoma kwa masheikh wa zamani watalifahamu jambo hili la mwanafunzi kuifungua tena hazina ya mwalimu wake.

Kisha Septemba 28, 1969, kimondo kilianguka karibu na mji wa Murchison, Australia, kikaokotwa zaidi ya kilo 100. Mwaka uliofuata wakatangaza kuwa kina asidi amino, zikiwamo zisizopatikana katika viumbe vya hapa duniani, na hilo likawa dalili kwamba hazikutokana na mikono ya waliokiokota. Hata hivyo, shaka ya uchafu wa dunia haikuisha moja kwa moja. Kwa wale watakaouliza habari za kimondo chetu cha Mbozi, kilichopo mkoani Songwe na kinachokadiriwa kuwa na tani 16: hicho ni cha chuma na nikeli, ni wa ukoo mwingine kabisa, na mambo haya ya kaboni hayatafutwi humo.

Sasa tufike kwenye lile lililomtia hofu mzee wetu. Je, wamekuta uhai? Hapana. Hakuna hata mmoja katika watafiti hao aliyesema kuwa Bennu ina uhai au iliwahi kuwa nao. Mtu akikuta mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko zimerundikwa uwanjani, hawezi kusema ameona nyumba. Atasema ameona vya kujengea. Kutoka asidi amino hadi chembe moja hai, inayokula, inayojikinga na inayozaa mfano wake, ni masafa ambayo hakuna maabara duniani iliyowahi kuyavuka. Wenye kufanya kazi hiyo ndio wa kwanza kulisema hilo, na tuliowaona wakilificha ni wauza vichwa vya habari.

Tena yapo mafundo yanayowasumbua wao wenyewe. Tutaje moja. Asidi amino nyingi huwa za sura mbili, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto: zinafanana kwa kila kitu, lakini huwezi kuivaa glavu ya mkono huu katika mkono ule. Viumbe hai vyote tunavyovijua hujenga protini zao kwa zile za mkono wa kushoto, pasipo kuchanganya. Kwa miaka mingi watafiti walidhani kuwa upendeleo huo uliletwa na vimondo, kwani Murchison ilionyesha baadhi yake zimezidi upande wa kushoto. Katika Bennu wamekuta za kulia na za kushoto zikikaribia kuwa sawa kwa sawa. Fikra iliyolelewa kwa miongo kadhaa ikatikiswa na punje chache za vumbi, na walioilea wakaliandika hilo kwa mikono yao.

Fundo la pili linaturudisha jikoni. Vinasaba haviwezi kuungana bila fosfati, na fosfati ni adimu katika maji, kwa kuwa kalsiamu huikamata ikawa jiwe. Uhai uliipata wapi? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Jonathan Toner na David Catling, walichapisha jibu lao mwishoni mwa 2019, na katika maziwa waliyoyataja limo Ziwa Magadi la Kenya. Walieleza kuwa katika maji ya magadi ile kaboneti huitangulia fosfati kuikamata kalsiamu, na fosfati ikabaki huru majini, mahali pengine hata kufikia mara 50,000 ya ile iliyomo baharini. Basi huenda vidimbwi vya namna hiyo, katika dunia changa, ndimo vitu hivi vilimokutana. Mama anayetia magadi katika maharage anaitumia tabia hiyo hiyo: maharage hulainika haraka, kwa sehemu, kwa sababu magadi huiondoa kalsiamu iliyoshikamanisha nyama ya punje. Hakuna haja ya kwenda Houston kuliona hilo.

Tazameni ni watu wa fani ngapi tuliowataja. Wahandisi wa kurusha chombo, wanafalaki wa kukokotoa njia yake, wajuzi wa miamba waliozoea kupasua mawe ya maziwa yaliyokauka, wanakemia wa kupima kilichomo ndani ya punje isiyoonekana kwa macho, na wajuzi wa viumbe wa kusema kipi hutumiwa na uhai na kipi hakitumiwi. Trona haikutambuliwa na mtu wa nyota. Ilitambuliwa na watu wa mawe waliokwisha kuiona chini ya miguu yao. Siku hizi vyuo vikuu vimeanza kuwaweka watu hao chini ya paa moja, kama ilivyo Cambridge, Uingereza, ambako mnamo 2022 kilifunguliwa kituo cha kuuchunguza uhai katika ulimwengu, kikiongozwa na Didier Queloz, mwanafalaki aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Hili halikupaswa kutushangaza sisi. Al-Biruni, katika karne ya 11, alipima uzito wa vito na madini mbalimbali kwa kuvilinganisha na maji, akakokotoa ukubwa wa dunia, akaandika juu ya kalenda za mataifa, akajifunza Kisanskriti ili awasome Wahindi kwa lugha yao. Hakuona mpaka kati ya nyota na jiwe. Mpaka huo tumeuchora sisi baadaye, tulipogawa watoto wetu mafungu mawili, hawa wa dini na hawa wa dunia. Wengine tuliopita madrasa kisha chuo kikuu tunaijua adha yake: kule tulionekana tumeharibika, na huku tulionekana tumechelewa.

Na sasa tueleze zile siku tatu.

Mwezi Agosti 1996, wanasayansi wa NASA walitangaza kuwa katika kimondo kilichookotwa Antaktika mwaka 1984, ambacho asili yake ni sayari ya Mirihi, wameona dalili za viumbe vidogo vya zamani. Rais wa Marekani wa wakati ule alisimama akalizungumzia. Sisi tulikuwa vijana, tumetoka masomoni karibuni, na tulikuwa na darsa ya jioni iliyokuwa ikihudhuriwa vizuri. Kijana mmoja, mwerevu, aliyekuwa akikaa mstari wa mbele, akauliza Muislamu aichukulieje habari hiyo. Hatukuwa tumeisoma. Tulimjibu mbele ya wenzake kuwa ni uongo wa maadui wa dini, na kwamba mwenye kushughulika na hayo ana upungufu katika imani yake. Wenzake wakacheka. Jibu lilituchukua dakika moja.

Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Miaka ikapita. Wanasayansi wenyewe wakaendelea kukichunguza kile kimondo, wengi wao wakafikia kwamba dalili zile zaweza kutokea pasipo uhai wowote, na dai lile halikubaliwi na wengi hadi leo. Tulipozisikia habari hizo tulifurahi, tukajiona tulisema kweli. Hatukuwa tumesema kweli. Tulikuwa tumebahatisha, na kubahatisha kwa jina la dini ni jambo zito. Waliosema kweli ni wale waliokaa na jiwe miaka na miaka wakalipima. Kijana yule tulikutana naye baadaye sana, msibani. Alitusalimu kwa adabu zote, kisha akaenda kukaa upande wa pili. Tulitamani kumfuata. Hatukumfuata.

Upo upande mwingine wa haraka hiyo hiyo, nao umeenea zaidi siku hizi. Kila ugunduzi ukitangazwa, wapo wenye kukimbilia kusema kuwa limo katika Qurani tangu zamani, wakanyoosha aya mpaka ifike wanapotaka. Tunaamini kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia uhai wa kila kitu ufungamane na maji, na tumeamrishwa tutembee katika ardhi tuangalie uumbaji ulivyoanza. Hayo yanatosha kumtuma Muislamu maabara. Lakini tukiifunga aya kwa kokoto za Bennu, na ile fikra ya mkono wa kushoto tumeona ilivyotikisika kwa mwaka mmoja, kesho tutamwambia nini mtoto? Aya itasimama ilipo, na kokoto zipimwe zilipo.

Siku ya tatu walirudi, na safari hii mama wa kijana naye alikuja, akakaa ndani na watu wa nyumba yetu. Tuliomba jikoni watuletee bonge la magadi, tukaliweka juu ya sinia katikati ya baraza, tukawasimulia kama tulivyowasimulia ninyi, pamoja na habari ya yule kijana wa darsa. Hilo la mwisho lilituwia zito kulisema mbele ya jirani.

Mzee alisikiliza sana. Kisha akauliza: "Kwa hiyo, sheikh, hawasemi kuwa hapana Muumba?"

Tulimjibu kuwa wapo wasemao hivyo, lakini hawalisemi kwa ushahidi wa jiwe. Jiwe halikuulizwa swali hilo. Wanachotafuta katika jiwe ni namna, yaani vitu gani vilikutana na wapi. Nasi tunajua mbegu inavyochipua, na hatujaona mkulima aliyeacha kushukuru kwa sababu hiyo.

"Na akipotea huko mbele?"

"Usimwache aende peke yake. Akisoma, akae na wewe akusimulie. Asilolijua aseme halijui, na wewe usilolijua useme hulijui."

Alifikiri kidogo, kisha akamwambia mwanawe: "Haya, uliza lako mwenyewe, si ulisema unalo?"

Kijana akauliza ni kwa nini uhai umeshika mkono wa kushoto tu, ikiwa angani zimo za kulia na za kushoto sawasawa.

Tulimwambia kuwa hatujui, na kwamba katika tuliyoyasoma hatukumkuta anayejua. Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza, akasema mwanawe amemshinda sheikh. Kijana alikuwa amelichukua lile bonge, analigeuzageuza kwenye mwanga wa taa, akilitazama upande huu na upande ule, hata mtoto akatumwa kutoka ndani kuja kuulizia magadi, kwani maharage yalikuwa bado jikoni.